Shahidi wa Tatu Alikuwa Mke Wangu

Mlango ulifunguliwa, nikainua kichwa kumwangalia shahidi wa tatu.

Kalamu ikanidondoka.

Alikuwa Araba. Mke wangu wa ndoa. Mtu niliyemwacha nyumbani asubuhi hiyohiyo akimsuka mtoto wetu nywele.

Alikuwa amevaa sare nyeupe ya umoja wa wanawake, kama anayekwenda kushiriki meza ya Bwana. Hakunitazama. Akavuta kiti, akakaa.

Na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati inayomchunguza askofu.

Ndugu zangu mnaonisoma, acha niseme ukweli mapema msije mkanihurumia bure... ripoti ya kumsafisha askofu nilikuwa nimeshaiandika. Ilibaki kusainiwa tu.

Naitwa Ekow Baiden, mchungaji wa Methodist hapa pwani ya Ghana, kwetu Wafante. Huku mchungaji anaitwa Osofo. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne, mama akabaki anapika kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na kuuza sokoni. Aliyenitoa pale ni mtu mmoja tu, Nathaniel Afful.

Wakati ule alikuwa mchungaji wa kawaida. Akanichukua kwake, akanisomesha, akanipeleka chuo cha theolojia. Kila alipopanda ngazi, na mimi nyuma yake nikapanda. Alipokuwa askofu, akanipa kanisa kubwa la mjini. Ndiye aliyetufungisha ndoa mimi na Araba. Ndiye aliyembatiza binti yetu, Kuukua. Hata mama yangu alipozeeka, askofu alimpa chumba kwenye nyumba ya kanisa.

Yaani hata kitanda nilicholalia kilikuwa cha kanisa, na kanisa lilikuwa mkononi mwake.

Sasa, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa kiongozi mkuu wa kanisa, uchaguzi ambao kila mtu alijua Askofu Afful anashinda, barua ikafika makao makuu.

Wanawake watatu. Walidai aliwaita kwa nyakati tofauti kwenye ofisi ya ghorofani, eti mahojiano ya wito, akafunga mlango, akawashika kwa nguvu. Waliokataa, majina yao yakafutwa. Aliyeomba uchungaji akakosa, aliyeomba kazi ya ualimu akakosa.

Wawili walijitaja. Wa tatu aliomba jina lake lijulikane siku ya ushahidi tu.

Ikaundwa kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Bi. Comfort Eshun, mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Wa pili mzee wa kanisa mmoja hivi, kazi yake kusinzia. Wa tatu mimi.

Mnajiuliza niliingiaje? Askofu aliniingiza.

"Mwanangu," aliniambia, "pale ndani yatasemwa mengi. Lakini kinachobaki ni kilichoandikwa. Shika kalamu vizuri."

Nikamwelewa.

Shahidi wa kwanza alikuwa mwalimu anaitwa Mansa. Binti mwembamba.

"Hapa umesema Jumanne," nikamwambia. "Kwenye barua yako uliandika Jumatano."

"Osofo, ni miaka minne sasa..."

"Kwa hiyo hukumbuki."

"Nakumbuka mlango. Nakumbuka sauti ya ufunguo. Siku ndiyo imenichanganya."

Nikaandika: shahidi hana uhakika.

Wa pili nikamfanya hivyohivyo. Naye akatoka analia.

Jioni ile nikampigia askofu nikiwa jikoni, Araba anakatakata bamia.

"Baba, yule Mansa hata siku yenyewe haijui," nikasema, nikacheka.

Nilipokata simu, Araba akaniuliza, "Huyo Mansa alilia?"

"Walilia wote wawili. Wasichana wa siku hizi machozi wanatembea nayo mfukoni."

Mchuzi ukaanza kuungua, yeye anakata bamia tu.

Mimi nikaona ni uchovu.

Haya, turudi chumba cha kikao.

"Mama," Bi. Eshun akamwambia Araba, "unamfahamu yeyote kwenye kamati hii?"

"Ndiyo. Huyo mwenye kalamu ni mume wangu."

Yule mzee akaamka kabisa.

"Osofo," Bi. Eshun akanigeukia, "sheria unaijua. Unatakiwa utoke."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaichungulia chini ya meza. Ujumbe wa askofu.

"Usitoke kwenye hicho kiti."

Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alikuwa amemwona Araba akiingia.

Nikitoka, namwachia askofu kesi bila mtu wake. Nikibaki, nitasikia... Sikuweza kusimama wala kukaa sawasawa.

"Naomba abaki," Araba akasema. "Asiandike. Asikilize tu."

Bi. Eshun akanyoosha mkono, akaokota kalamu yangu, akalivuta na daftari.

"Sema, mwanangu," akamwambia Araba.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitaka kuwa mchungaji."

Hilo nililijua. Siku zote aliniambia alibadilisha mawazo, basi. Kanisani watu hututania kwamba Mama Mchungaji akisimama kuomba, mahubiri ya Osofo yanasahaulika. Nilikuwa nacheka nao.

"Wakati ule hajawa askofu, lakini usaili wa wito uko chini yake. Akaniita ghorofani. Akaniambia wito wa Mungu unapitia mkononi mwake. Kisha akazungusha ufunguo."

Akatazama mlango wa chumba kile.

"Nilipiga kelele. Chini kwaya walikuwa kwenye mazoezi, wanaimba kweli siku hiyo. Nikamng'ata mkono, ndiyo akaniachia. Wiki mbili baadaye nikapata barua. Maneno mawili tu. Huna wito."

"Ukafanyaje?" Bi. Eshun akauliza.

"Nikayaamini, Mama."

Hapo sauti ikamkatika. Bi. Eshun akaahirisha kikao mpaka kesho yake.

Nikamfuata uwanjani.

"Araba... Araba, simama kidogo."

"Nenda kamsikilize baba yako," akasema bila kugeuka. "Si anakuita?"

Na kweli, simu ilikuwa inaita.

Nilimkuta askofu mezani. Kenkey ya moto, samaki wa kukaanga, pilipili pembeni. Ametulia kama mtu aliyetoka kuoga.

"Kaa, mwanangu. Umekula?"

"Baba, ni kweli?"

Akanawa mikono taratibu. Akamega kenkey.

"Mwaka ule mlipopoteza mimba," akasema, "ulikuja hapa ukalia. Ukaniambia Araba halali, anaongea peke yake, anaona vitu. Unakumbuka?"

"Baba, nilikuja kuombewa."

"Na nilikuombea. Sasa yaandike. Mke wa mtumishi akiumwa si aibu. Tutamtafutia daktari mzuri. Hakuna atakayemlaumu, na wewe hakuna atakayekulaumu."

Nikasogeza kiti nyuma.

Siri ya chumbani kwangu. Msiba wetu. Nilimpelekea mwenyewe kwa mikono yangu, kumbe alikuwa ameiweka akiba.

"Na nikikataa?"

"Nani amezungumza habari ya kukataa?" Akatabasamu. "Nafasi ya msimamizi wa sakiti, makanisa yote ya eneo hili, iko wazi hapa mjini. Na kule kaskazini kuna kituo hakina mchungaji mwaka wa tatu. Mama yako naye ana umri, safari ndefu itamtesa. Mimi huwa sichagulii watu, Ekow. Watu hujichagulia."

Jamani, mzee hakusema "nimesingiziwa." Hakusema hata mara moja. Mtu msafi angeanza na hilo.

Nilirudi nyumbani. Araba alikuwa chumba cha mtoto, mlango umerudishwa. Nikazunguka sebuleni nikitafuta kitu kimoja tu ambacho si cha yule mzee. Viti, vyake. Biblia yangu, zawadi yake siku niliyowekewa mikono. Hata jina la binti yangu, mtu wa kwanza kulitamka mbele ya kanisa ni yeye.

Nikajiambia nitaandika kidogo tu... kwamba Araba aliwahi kuumwa. Si uongo. Aliumwa kweli.

Nikachukua karatasi. Nikaandika "Mke wangu." Mkono ukagoma kuendelea. Nikakaa pale na maneno hayo mawili mpaka adhana ya msikiti wa jirani ikaniambia kumekucha.

Asubuhi nikaingia kwenye kikao. Sikwenda kwenye kiti changu. Nikaweka barua ya kujiuzulu mbele ya Bi. Eshun, nikaichana ile ripoti mbele yao, kisha nikakaa kiti cha mashahidi.

Nikasema yote. Jinsi nilivyowekwa kwenye kamati. Nilivyomtega Mansa na yule mwenzake. Ujumbe wa simu, nikauonyesha. Kile chakula cha mchana na masharti yake.

Araba alikuwa amekaa nyuma yangu, karibu na mlango. Sikumwona uso, lakini nakiri, ndugu zangu... nilijisikia shujaa. Nikasema moyoni, leo mke wangu ameona ameolewa na nani.

Bi. Eshun akaweka miwani mezani.

"Osofo, mkeo aliwahi kukueleza habari hii?"

"Hapana, Mama. Angeniambia tangu mwanzo nisingekaa kimya hata dakika moja."

Kiti kikasukumwa nyuma yangu.

"Nilikwambia."

Nikageuka. Araba alikuwa amesimama.

"Ilikuwa wiki moja baada ya ile barua," akasema. "Hatujachumbiana bado. Tumekaa nyuma ya kanisa, unakula chungwa. Nikakwambia nina rafiki yangu. Nikakueleza yaliyompata, kuanzia ngazi mpaka ufunguo. Nikakuuliza, huyu rafiki afanyeje. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka mpaka kokwa niliyokuwa naitema.

"Sema wewe mwenyewe," Araba akasema. "Waandike."

Nikamwangalia Bi. Eshun. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, inasubiri.

"Nilisema... nilisema, mwambie rafiki yako asiwaguse watumishi wa Mungu. Mwambie ajiulize siku hiyo alikuwa amevaa nini."

Kalamu ikaanza kuandika. Ilikuwa sauti pekee mle ndani. Mpaka leo naisikia.

Ule ushahidi wangu ndio uliomwangusha askofu, maana kabla ya hapo lilikuwa neno la wanawake dhidi ya neno lake. Jina lake likaondolewa kwenye uchaguzi. Konferensi, mkutano mkuu wa kanisa letu, ilipokaa, akavuliwa uaskofu. Miaka thelathini na sita ya utumishi ikamalizika kwa tangazo lililosomwa nusu dakika. Mansa na mwenzake wakaandikiwa barua za kuombwa radhi.

Mimi nikasimamishwa mwaka mmoja kwa ile ripoti. Nilistahili.

Msidhani tulibebwa juujuu. Nusu ya kanisa iliacha kutusalimia. Kina mama ambao zamani walimsindikiza Araba kwa nyimbo, sasa wakimwona sokoni wanajifanya wanachagua nyanya. "Wamemla mzee wa watu," walisema. "Mkono uliowalisha."

Tukaondoka kwenye nyumba ya kanisa, tukapanga vyumba viwili, mimi, Araba, Kuukua na mama yangu. Mama hakunilaumu. Aliweka tu jiko lake uani, akarudia kenkey. Na mimi, Osofo mzima, nikaanza kufunga kenkey kwenye majani ya mgomba. Mwanzoni zilikuwa zinafumuka majini, mama anacheka mpaka anakaa chini.

Araba ameomba tena uchungaji. Usaili wake ni mwezi ujao. Hakuniuliza maoni yangu, na sikumpa.

Kati yetu bado... tunaongea, tunakula pamoja, lakini kuna mahali hanifikishi. Sijui kama atanifikisha tena.

Wiki iliyopita tulikuwa uani, anafunga majani pembeni yangu. Nikapata ujasiri.

"Araba, baada ya jibu lile nililokupa... kwa nini ulikubali nikuoe?"

Akamaliza kufunga lile lililokuwa mkononi. Akaliweka kwenye sufuria.

"Nilikupenda. Na nilijua ulikuwa kijana, umejibu kwa kukurupuka. Nikajiambia ipo siku utarudi uniulize yule rafiki alikuwa nani. Anaendeleaje. Kama alipona."

Akachukua jani jingine.

"Nilisubiri miaka kumi na mbili, Ekow."



Wewe unayesoma hapa, iwe wiki hii au mwaka ujao, mtu atakujia na habari ya rafiki yake. Atajifanya ni habari ya kawaida tu, lakini atakuwa anakuchunguza uso wakati anaongea. Usikurupuke kumtetea mkubwa wako. Wala usitoe mahubiri.

Muulize tu huyo rafiki anaendeleaje, kisha unyamaze usikie.

Huenda yuko hapohapo mbele yako.