Atakayeshuka Kwanza

Zilikuwa alama za vidole vinne, nyeupe, ukutani karibu kabisa na boriti, mahali ambapo hata mumewe hangefika bila kupanda meza. Marion aliziona akiwa juu ya stuli, akipangusa masizi ya stovu. Vidole vyenyewe vilikuwa vidogo, vya mtoto. Akanusa kitambaa. Kilinuka unga wa muhogo.

"Baba Khalayi, ni wewe umepaka ukuta unga?"

"Mimi na huu ukuta tuna kesi gani?" Opicho alijibu akifunga viatu. "Ukuta wangu uko Machakos."

Hivyo ndivyo alivyopenda kujibu. Siku za kazi Opicho alikuwa fundi wa mabomba Industrial Area, na wikendi alikuwa mkwea mawe, pengine wa pekee katika mtaa mzima wa Mbotela mwaka huo wa 1994. Mzungu mmoja aliyewafundisha kukwea, yeye na rafiki yake Muturi, alirudi kwao akawaachia kamba ndefu, mikanda ya kiunoni na pete za chuma. Tangu hapo wawili hao hawakukosa kwenda kwenye jabali dogo la matale katika milima ya Machakos, wakatoboa mwamba kwa tindo na nyundo, wakatia boliti, wakapanda huku wakinasa kamba kwenye boliti hizo. Poda ya kukausha jasho mikononi haikuuzwa sokoni Gikomba, kwa hiyo walijipaka unga wa muhogo. Majirani walimcheka, naye alifurahia kuchekwa. Mungu alimpa vidole vya chuma, na nadhani gharama yake aliitoa kwenye kichwa.

Jumamosi iliyokuwa imepita, mama mmoja wa huko aitwaye Koki, aliyekuwa akichunga mbuzi zake, alimkuta Opicho akigonga tindo upande wa kushoto wa jabali, penye doa jeusi.

"Huo upande uache," Koki alimwambia. "Kuna kitu kilipanda hapo zamani. Mpaka leo hakijashuka."

"Basi kilikosa mtu wa kukishikia kamba," Opicho akasema, akacheka, akaendelea kugonga.

Alipofika kileleni na kuomba ashushwe, Muturi, aliyeshika kamba chini, alivutwa mpaka viatu vikabururika mchangani. "Maze, umebeba nani huko?" alipiga kelele. Opicho alimwambia aache uoga na ale ugali wa kutosha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Sasa, watu wa mchezo huo wana sheria moja wanayoiheshimu kuliko maandiko. Kabla miguu haijaacha ardhi, anayepanda huuliza, "Umenishika?" Aliye chini hujibu, "Nimekushika." Akishajibu, uhai wa mwenzake uko mikononi mwake, haachi kamba hata nyuki wamvamie. Opicho aliizoea sheria hiyo kiasi cha kuweza kuijibu usingizini, na hilo ndilo kosa lililoiua nyumba yake. Jumapili mchana, siku moja tu baada ya jabali, alipotoka kanisani, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Marion alikuwa nje bombani akiosha vyombo, na Khalayi alikuwa chini ya meza akimvisha mwanasesere. Khalayi alikuwa na miaka minne, mtoto wao pekee, waliyempata baada ya mimba kuharibika mara kwa mara na Marion kuchoka kuulizwa na mama mkwe. Nyumba zile hazikuwa na dari. Ukitazama juu unaona boriti, kisha giza, kisha vigae. Kutoka kwenye giza hilo sauti kavu ikauliza:

"Umenishika?"

"Nimekushika," Opicho akajibu, macho yamefumba. "Panda."

Kitu kikamkaza kiunoni, akazinduka. Akadhani ni tumbo kujaa githeri ya mchana.

Kesho yake, siku ileile Marion aliyoona alama ukutani, nyumba ilianza kunuka jiwe lililogongwa, ile harufu kali inayokereketa puani, na vumbi la kijivu likawa linajaa kwenye nywele za Khalayi hata baada ya kuogeshwa. Kisha mtoto akaanza kupanda. Alipanda kabati. Alipanda fremu ya mlango. Majirani wakapiga makofi wakisema damu ya baba haipotei, na Opicho, mjinga yule, akawanunulia soda.

Siku iliyofuata, adhuhuri, Marion alirudi na fungu la sukuma wiki mkononi, akasukuma mlango, hakumwona mtoto kitandani wala chini ya meza, akamwita, akasikia mkoromo mwembamba juu yake, akainua macho, na hapo akamwona Khalayi amening'inia ukutani juu kabisa, kwa ncha za vidole, mahali ambapo lipu ilikuwa laini isiyo na hata mwanya wa kuingiza kucha, uso umegeukia ukuta, soksi moja nyekundu imeteremka kisiginoni, na alikuwa amelala, amelala fofofo, na Marion alipopiga ukemi mtoto hakuanguka bali alikwenda, upesi, ubavu ubavu, akavuka boriti akaingia gizani chini ya vigae.

Wakati huohuo, huko kazini, Opicho alivutwa akagonga kifua kwenye bomba. Alipotazama viganja vyake, viliungua kama vilivyopitiwa na kamba, na vidole vilikuwa vimekunjwa, havikunjuki.

Wazee wa kanisa walikuja wakakemea, wakaimba mpaka wakapwelewa sauti. Mmoja wao alileta ngazi akapanda mpaka kwenye boriti. Hakuona mtu. Lakini alipokuwa akishuka, unga mweupe ulimdondokea shingoni, na sauti ya mtoto ikamwita babu kutoka juu yake, "Guka, nasikia baridi." Mzee yule aliiacha ngazi yake hapo hapo, hakuirudia tena.

Basi Marion, mwimbaji wa kwaya, alijifunika leso mpaka machoni, akaenda Majengo, Pumwani, kumtafuta mtu ambaye wake wa wazee wa kanisa humtaja kwa kunong'ona tu. Maalim Abdiqadir alifika alasiri. Hakuuliza habari ya mtoto. Aliketi mkabala na Opicho, akaitazama ile mikono iliyokunjwa.

"Uliitwa?"

"Niliitwa, maalim."

"Ukajibu?"

"Nilijibu." Opicho akaanza kulia. "Nilidhani ni Muturi."

"Sasa umeshika. Ukiachia, binti yako ataanguka kutoka mahali pasipo na chini." Maalim akamgeukia Marion, akapunguza sauti. "Sikiliza, mama. Wako wawili kwenye kamba moja, na mumeo atawashusha. Atakayeshuka kwanza atakuwa na sura ya mwanao, na sauti yake, na atakuita mama. Mlango utakuwa wazi. Mwache apite, atoke, aende zake. Asiguswe; akiguswa, kamba itakatika. Wa pili ndiye wenu."

"Na kama wa kwanza ndiye wangu?"

"Huyo mwingine amengoja kushuka tangu babu zetu hawajazaliwa. Hatampisha mtoto."

"Lakini kama—"

"Mama Khalayi," Opicho akasema, meno yakigongana, "fanya anavyosema. Nakuomba."

Maalim alifungua mlango, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Opicho akasimama katikati ya chumba, akaipanua miguu kama alivyofundishwa, akaanza kulegeza mikono, pole, pole, na ingawa hapakuwa na kamba yoyote machoni pa mtu, ngozi ya viganja vyake ilichubuka na damu ikatiririka mpaka kwenye viwiko, na huko juu vigae vikagongana, vumbi likamiminika, harufu ya jiwe ikajaa hata koo zikawasha, kisha kwenye mwanga wa alasiri ukatokea mguu mdogo wenye soksi nyekundu iliyoteremka kisiginoni, ukifuatwa na gauni la maua alilolishona Marion mwenyewe, na mikono, na uso wa Khalayi uliojaa machozi na kamasi. Miguu ikagusa sakafu.

"Mama, nina kiu," akasema.

Maalim aliendelea kusoma. Mtoto akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akaelewa kwamba hatachukuliwa, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, akiburura soksi ile. Alipofika kizingitini akageuka, mdomo ukimtetemeka.

"Mama, kwani nimekosa nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyinyi mnaosoma hapa mmekaa vizuri, mnaweza kusema mngeweza. Marion hakuweza. Aliruka, akamnyakua, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akimbusu vumbi la nywele.

"Mwache!" Opicho alinguruma. "Marion, mwache!"

Lakini mikono ya Opicho ilikuwa imeshakunjuka yenyewe, myepesi, mitupu. Maalim akanyamaza katikati ya neno.

Na kutoka juu, ng'ambo ya boriti, ikaja sauti nyembamba ya mtoto aliyeamka sasa hivi na kuchungulia chini.

"Mama, huyo umebeba ni nani?"

Opicho alipanda ukuta ule kwa vidole vyenye damu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine Mbotela angeliweza, akafika kwenye boriti, akavunja vigae kwa kichwa na mabega, akatokea juu ya paa akiita jina la binti yake. Alikuta jua na mashati ya majirani kwenye kamba za kuanikia nguo. Mara moja tu akaisikia sauti ya mtoto ikilia, juu zaidi ya hapo, ambapo hapana kitu cha kukwea, kisha hakuisikia tena.

Chini, Maalim Abdiqadir alivaa viatu vyake bila kumtazama mtu.

"Nimweke chini?" Marion alinong'ona. "Maalim, nikimweka chini sasa, je?"

Maalim akatoka. Marion akainama, akalegeza mikono yake, akataka kumtua sakafuni. Mtoto hakuteremka. Alikuwa ameacha kulia, uso ameuficha begani, akipumua taratibu, na nyuma ya shingo ya Marion vidole vinne vidogo, vigumu, vilikuwa vimeshapata mahali pa kushika.