Kifungo cha Mlangoni

Rafiki yangu Hippolyte, fundi wa mashine za baridi kutoka Kilwa, ndiye aliyefunga mitambo ya ghala moja la barafu la samaki kule Nchelenge, ng'ambo ya ziwa. Feni, taa na vipimajoto vyote aliviunganisha na kompyuta ya ofisini. Kilibaki kifungo cha kengele, cha kufinywa na mutu akifungiwa ndani. Boti ilikuwa inamwacha, basi akabandika kifuniko kitupu ukutani na kifungo chenyewe akakitia ndani ya begi.

Mama Berthe, mwuza samaki, alimuuliza, "Papa, hiki kinafanya kazi?"

"Hakuna problemu, mama."

Miezi michache baadaye mlango wa ghala ulimfungia mama huyo ndani. Walimkuta amekufa, kidole bado kimegandia kifuniko.

Hippolyte akaitwa kukagua mitambo. Chisomo, binti wa marehemu, alimletea maji. "Mama alisema wewe ndiye ulituwekea kifungo. Aksanti, papa."

Akayaweka maji chini, akaingia ofisini.

Alipobaki peke yake aliamuru kompyuta iite kila kifaa. Vikajibu kimoja kimoja: feni, taa, vipimajoto. Halafu kikajibu kingine: kifungo cha mlangoni, kimefinywa.

Mara umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, na ofisi ile isiyo na dirisha ikawa giza tupu. Hapo akasikia tik. Kisha tik tena, karibu na mguu wake. Akapapasa begi lake lile lile pale chini, akakitoa kifungo. Kilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, hakina hata waya. Na humo ndani ya nailoni, chini ya dole gumba lake, kilikuwa kinazama, kinarudi, kinazama tena.