Kesi ya Yarow Haikuitwa

Ilianza na harufu. Keinan alirudi nyumbani kwake Garissa baada ya sala ya alasiri, akakuta chumba kinanuka matope na mkojo, ingawa mkewe, Hodo, alikuwa amefukiza ubani tangu asubuhi.

"Kuna mtu anakohoa nyuma ya ukuta," Hodo alinong'ona. "Nimezunguka nje, sikuona mtu."

Keinan akasema ni mbuzi wa jirani. Lakini kikohozi kile alikijua.

Alikuwa karani wa mahakama. Mwaka ule wa El Nino, mto Tana ulipofurika, polisi walimleta kijana mchunga mifugo aitwaye Yarow. Alikuwa na kifungo cha nje kwa kupigana kisimani, na sharti lake asitoke mjini. Naye alikuwa ameondoka kwenda Kotile kumwokoa mamake aliyezingirwa na maji. Hakimu alipaswa kumsikiliza upesi, aamue kama atafungwa. Kumpangia kesi ilikuwa kazi ya Keinan. Akaiahirisha kwa sababu ya harusi ya shemejiye, kisha akasahau. Kila alipopita karibu na seli, Yarow, akikohoa na kutetemeka kwa malaria, alimwita dirishani kama ndugu: "Walaal, mimi siku yangu lini?" Keinan alimpungia mkono tu, akapita. Hatimaye Yarow alitolewa amefunikwa blanketi gubigubi.

Sasa Hodo akaacha kula. Jioni moja, akichambua mchele, mikono yake ikasimama, shingo ikageuka polepole kumwelekea mumewe, meno yakaanza kugongana ilhali joto lilikuwa la kuchoma, na kinywani mwake ikatoka sauti nene ya mwanamume, ya upole kabisa: "Walaal, mimi siku yangu lini?"

Keinan alikimbia kumwita Sheikh Ahmednoor, ambaye alimsomea Hodo aya za Kurani sikioni mpaka jasho likamtiririka.

"Wewe ni nani?" sheikh akauliza.

"Mimi si maiti, mimi ni jini. Mahali pale palikuwa petu kabla hawajajenga seli. Kijana alilia, binadamu hawakumsikiliza. Nilimsikiliza mimi."

"Mwache huyu mama. Hana kosa."

"Namwacha. Mwenye kosa yuko hapa."

Sheikh akamgeukia Keinan. "Ulimfanya nini huyo kijana?"

"Nilimsahau, sheikh," akajibu, macho yakiwa kwenye mkeka.

Hodo akapiga chafya, akaomba maji, akalala. Harufu ikaisha. Lakini Keinan hakupata usingizi, na kulipokucha akaondoka kwenda Kotile.

Abshiro, mamake Yarow, alimpokea kwa maziwa bila kumjua.

"Hooyo, mama yangu," Keinan akasema, "ninatoka mahakamani. Nimekuja kwa sababu ya mwanao."

Yule mama akaketi chini. "Waliniambia amekufa, basi. Alilia?"

Keinan alifungua kinywa aseme habari za mvua, za barabara kukatika, za hakimu kuwa na kazi nyingi, lakini ulimi ukamponyoka, ukaanza kusimulia wenyewe kwa sauti nene, ya upole, ambayo haikuwa yake, jinsi kikombe cha maji kilivyowekwa mahali mkono usipofika, jinsi shavu lilivyotafuta ubaridi wa sakafu, na nani aliyeitwa mwisho pumzi zilipokuwa zinakatika, naye akajaribu kujiziba mdomo kwa mikono miwili, na mikono ikakataa kuinuka.

Abshiro hakupiga kelele. Alisogea karibu, akaushika uso wa Keinan kwa viganja vyake.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Mimi nakusikiliza."