Kiti chenye Mto wa Buluu

Kiti kilikuwa na joto. Mhariri alikikalia alasiri alipotoka kazini, akainuka haraka kama aliyekalia jiko.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu," mkewe alijibu. "Lakini husikii hiyo harufu ya udongo mbichi? Nimedeki mpaka nimechoka."

Mhariri akakumbuka alichoandika. Wiki ile wakili aliyempinga Rais alifia mahabusu, na gazeti likaagizwa liseme yu mzima, amerudi kwake. Mhariri hakuwahi kufika kwa wakili. Kwa uvivu alimwandika wakili ndani ya nyumba anayoijua, yake mwenyewe: kiti chenye mto wa buluu kando ya dirisha, chai ya tangawizi, binti mdogo akipakatwa na babake. Ikulu ilipiga simu kumpongeza. Njia ya mwongo ni fupi; hii iliishia sebuleni kwake.

Kuanzia siku hiyo chai ilipungua kikombeni bila mnywaji. Binti yao akawa anakaa kwenye kiti kile akicheka peke yake, na makalio yake hayakugusa mto.

Mganga alipoletwa, hakuvuka kizingiti. Alizima ubani wake.

"Jini mvamizi ningemtoa," alinong'ona. "Huyu umemkaribisha mwenyewe, kwa maandishi, nchi nzima ikisoma. Andika kwamba amekufa, aende akapumzike."

"Wataniua, mzee."

"Basi kaeni naye."

Mkewe alimshika mkono. "Mume wangu, mtoto haniitikii tena nikimwita. Andika. Tutakimbia, tutalala hata porini, ila andika."

Kesho yake ofisini akaandika: wakili amefariki. Ndipo aliposikia viatu vya afisa usalama vikija koridoni, vikisimama nje ya mlango wake, na mkono uliozoea kutii miaka yote ukafuta neno lile, ukaandika kwamba wakili anaendelea vizuri, amenenepa, na binti yake mpenzi habanduki mapajani pake asubuhi wala jioni.

Gazeti lilipotoka alikimbia nyumbani, akijilaani njia nzima. Alimkuta mkewe amepiga magoti mbele ya kiti, akimvuta mtoto mikono yote miwili, akilia, na mtoto hasogei hata kidogo, ametulia tu, kichwa amekiegemeza kwenye kifua kisichoonekana.

Binti alimtazama mhariri pale mlangoni, kisha akageuza uso juu.

"Baba," alisema taratibu, "kuna mgeni."