Siku Kasuku Aliponyamaza

Kila alipotoka shule, Kasuku alivua sare, akavaa ovaroli ya mama yake iliyokunjwa mikono, akaingia gereji. Jina hilo la utani alilipata kwa haki, maana mdomo wake haukuwa na breki. Habari za mtaa zilipita kwake kabla ya kufika kwingine, na mama yake, fundi wa pikipiki, alizisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

Siku hiyo mkunga wa zahanati alileta pikipiki yake.

"Fundi, inagongagonga kama kokoto kwenye debe. Na jioni nina mama wa kumzalisha ng'ambo ya mto. Isije ikaniacha njiani!"

Mama aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni. Kisha akampa Kasuku.

"Haya, inasema nini?"

"Cheni ya ndani imelegea, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Cheni hiyo ndogo huzungusha sehemu inayofungua na kufunga valvu. Kando yake husimama vibao viwili vyembamba vya plastiki ngumu. Kimoja kimetulia, kingine husukumwa na springi ili cheni ipite imenyooka, bila kuchezacheza wala kupiga kelele. Vya mkunga vilikuwa vimelika.

Mama alifungua kichwa cha injini. Pembeni ya silinda ukabaki uwazi unaoshuka hadi chini, cheni ikining'inia humo.

"Ziba kwa kitambaa kwanza, halafu uvute vibao polepole," alisema, akaingia stoo kutafuta vipya.

Hapo ndipo kinyozi wa jirani alipochungulia. "Kasuku, nasikia muuza nyama kapaka nywele rangi?"

"Weee! Nyeusi tititi! Sasa jua likawaka, jasho likaanza kumtoka, jeusi, linatiririka shingoni mpaka kwenye shati..."

Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta. Kasuku naye alicheka, akavuta kibao cha pili kwa nguvu. Kikasema ta! Ncha yake ikakatika, ikatumbukia ndani ya injini. Kitambaa kilikuwa bado begani kwake.

Kinyozi hakuona kitu. Aliitwa na mteja, akaondoka. Kasuku akakitupa kile kibao kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akakifunika.

"Vimetoka vizima?" mama aliuliza aliporudi.

"Vizima, mama."

Vibao vipya vikaingia, springi ikakaza, kichwa kikarudi mahali pake. Kasuku alipitisha spana alizoombwa. Mkunga alikuwa amerudi na mkoba wake wa kazi, ameshavaa kofia. Mama akaweka mguu kwenye kiki, halafu akauondoa.

"Kasuku. Nilimsikia kinyozi akicheka. Muuza nyama kawaje?"

"Hamna kitu."

"Tangu nimetoka stoo hujasema neno. Unaumwa?"

Kasuku aliutazama mkoba wa mkunga. Machozi yakamtoka. "Ncha ya kibao imeingia ndani, mama. Sikuziba. Nimekudanganya."

Mkunga alivua kofia taratibu. Mama hakufoka. Alimwaga oili, akafungua kifuniko cha ubavuni, akamulika kwa tochi. Kipande kilikuwa kimelala chini, karibu na meno yanayovuta cheni, hakizidi ukucha. Alikitoa kwa koleo jembamba.

"Kingenasa hapa, cheni ingeruka," alisema. "Pikipiki inazima katikati ya barabara, na mjamzito anamsubiri mkunga."

"Samahani, shangazi," Kasuku alimwambia mkunga.

"Bado sijachelewa, binti yangu. Fungeni tu."

Walifunga upya. Injini ilipowaka, Kasuku aliweka bisibisi sikioni. Cheni ilipita laini, bila kugonga popote. Mkunga akaondoka kabla jua halijazama.

Mama alifuta mikono. "Injini ikiharibika hupiga kelele, nikajua pa kugusa. Wewe ukiharibu unanyamaza. Kuvunja kitu si dhambi, mwanangu, hata mimi navunja. Ila useme wakati huohuo, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, atakayeumia ni mtu asiye na habari."

"Nimeelewa, mama."

Akaivuta pikipiki iliyofuata, iliyokuwa imefunguliwa kichwa cha injini tangu asubuhi. "Haya, nimalizie habari ya muuza nyama."

Kasuku alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua kitambaa begani, akaziba uwazi wa cheni vizuri, akakibonyeza kwa kidole.

"Basi mama, lile shati lilikuwa jeupe..."