Neno Lililobaki Mdomoni mwa Jemedari

"Unamjua huyu?"

Dada mkubwa aliuliza huku akimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyesimama miguuni pa kitanda cha hospitali, mkononi kashika chupa ya supu.

Mgonjwa akamtazama. Asimjue vipi? Miaka yote ile wamelalia mto mmoja. Jibu lilikuwa tayari kichwani, limenyooka: huyu ni mke wangu. Akafungua mdomo uliopinda, akalisukuma.

"Kata."

Mwenyewe alishtuka. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi.

"Kata. Kata."

"Umesikia kwa masikio yako," dada alimwambia yule mwanamke. "Hakutaki. Nenda salama."

"Dada, sivyo alivyotaka kusema."

"Mimi ndiye niliyemlea tangu wazazi walipotutoka. Wewe ni nani wake?"

Mwanamke akamtazama mgonjwa kama mtu anayeomba aazimwe neno. Mgonjwa hakuwa nalo. Akaiweka chupa juu ya kabati, akatoka taratibu, na machozi ya mgonjwa yakamtiririkia hadi sikioni. Dada akayafuta, akidhani ni uchungu wa maradhi.

Nje ya wodi ile watu walimwita mgonjwa huyu Jemedari. Uigizaji alianza kwa kuwa mlinzi anayeuawa mwanzoni mwa filamu. Akafa vizuri mno, ikawa penye maiti yoyote anaitwa yeye. Alipochoka kufa aliazima kamera, akaanza kutengeneza filamu zake sebuleni: mwongozaji yeye, mwigizaji mkuu yeye, mbeba taa yeye. Siku alipovaa magwanda ya jemedari, jina likamganda na halikubanduka tena.

Yule mwanamke alikuja kuwapamba waigizaji, nao wakamwita Poda. Akikuchora jeraha, muuguzi angekutafutia bandeji. Mapenzi yao yalianzia kwenye kiti cha kupambwa, pale ambapo Jemedari alilazimika kunyamaza mpaka gundi ya ndevu za bandia ikauke, na Poda akawa anasema peke yake apendavyo.

Kwenye filamu Jemedari alioa mpaka watu wakapoteza hesabu, na kila bibi harusi wake alipambwa na Poda. Nyumbani, kila Poda alipouliza harusi yao itakuwa lini, aliambiwa wamalize kwanza hii filamu. Ikiisha, nyingine imeshaanza. Dada alimfahamu kama mfanyakazi wa mdogo wake aliyehamishia mabegi kwake, basi.

Kiharusi kilimkuta kazini. Alikuwa anamwelekeza mwigizaji mmoja namna ya kuanguka; akaamuru "Kata!" ili kamera isimame, akajitosa katikati kumwonyesha, akaenda chini mzima mzima. Kundi zima likapiga makofi. Poda peke yake ndiye aliyetupa brashi akakimbia, kwa sababu uso ule aliujua kama kiganja chake, na upande mmoja ulikuwa umeshuka.

Daktari alisema akili ipo, anasikia na kuelewa, ila maneno yamemtoroka. Huenda yakarudi, huenda yasirudi. Dada alisikia, lakini hakuyatia maanani. Angeyaaminije, na "kata" ilikuwa inatoka safi kabisa?

Akamchukua nyumbani kwake. Alimwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza ubavu kwa ubavu, hakulalamika hata siku moja. Simu ya Jemedari aliizima. Ndipo Poda akaanza kumwandikia dada mwenyewe. Dada alikuwa akisoma, akiguna, akiifunika simu juu ya meza, na Jemedari anaona kila kitu kutoka kitandani, mkono wa kulia umelala kama si wake.

Mchana mmoja dada alichoka kuguna. Akasoma kwa sauti, labda ili amkomeshe:

"Shikamoo dada. Najua hupendi nikuandikie. Mkono wake wa kulia uwekee mto, usining'inie, utavimba. Akigoma kula mfungulie dirisha kwanza, hapendi chumba kizito. Akilia, usimwambie anyamaze."

Jemedari akalia.

"Sasa unalia nini? Unamtaka?"

"Kata."

"Basi nimwambie asiniandikie tena?"

"Kata."

Dada akasimama na kijiko mkononi. Akamkazia macho.

"Maji unataka?"

"Kata."

"Mimi ni dada yako?"

Jemedari alikusanya kila kilichobaki ndani yake. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni.

"Kata," akasema, na kilio kikamshinda.

Dada akaketi ukingoni mwa kitanda. Kijiko kikaanguka, hakukiokota.

"Ndugu yangu," alisema polepole. "Kumbe huna neno jingine. Na mimi nimemfukuza mtu kwa hilo."

Akampigia Poda palepale, akamwomba radhi, akamwomba aje.

Poda alifika jua halijashuka. Amekonda. Dada hakuzunguka mbuyu: alisema yeye yuko tayari, aitwe mfungisha ndoa hata kesho, mambo yakae sawa, asije mtu mwingine akamuuliza Poda yeye ni nani.

Poda akampangusa Jemedari pembe ya mdomo.

"Hapana, dada."

"Hapana? Si ndilo ulilokuwa ukilingoja?"

"Nililingoja akiwa na mdomo. Leo hawezi kukubali, na hawezi kukataa. Sitaki kuolewa na mtu asiyeweza kunikataa."

Jemedari alisikia kila neno. Alitaka kumwambia kwamba anakubali, kwamba alikubali zamani, kwamba ni ujinga tu uliomchelewesha. Hata hakufungua mdomo. Alijua kitakachotoka.

Poda akainuka, akajifunga kanga vizuri. Hapo ndipo mkono wa kushoto wa Jemedari ulipojikokota juu ya shuka, ukaishika ile kanga. Vidole havikuwa na nguvu. Hata mtoto mchanga angejinasua. Poda aliviangalia muda mrefu. Hakuvibandua.

"Ndoa hapana," alimwambia dada. "Kukaa, nitakaa."

Akaketi tena. Dada akaenda chumba cha pili, akarudi akiburuta godoro, akalitupa chini kando ya kitanda.

"Wifi," akasema, "nishikie ncha hiyo ya shuka."