Anapiga Hodi Kwake

Pale mtaani Migosi mtu akirukwa na akili, wapangaji wa zamani hawasemi amechizika. Husema anapiga hodi kwake. Wageni hucheka. Sioni cha kuchekesha, kwa sababu msemo huo una mwenyewe.

Mwenyewe ni Walter, fundi wa redio. Mwaka wa 1987 mkewe, Milka, alizidiwa na malaria, akaomba apelekwe hospitali. Walter akamwambia, "Ngoja, nakuja sasa hivi." Akafunga mlango kwa kufuli, nje, akaenda Nyamasaria kwa mwanamke wake Lornah. Hakurudi siku hiyo wala ya pili yake. Milka alibisha kutoka ndani mpaka mkono ukachoka. Jirani, Mama Jentrix, alidhani ni Walter anapigilia misumari.

Milka walimzika kijijini, Katito. Kila Mjaluo anajua kwamba mke mpya halazwi kwenye kitanda cha marehemu. Hujengewa nyumba yake. Wazee walimkumbusha. Walter akajibu kuwa nyumba ya kupanga ni ya landilodi, mila haiihusu. Matanga hayajapoa, Lornah alikuwa anapikia sufuria za Milka. Mtu yule alinichukiza, nasema wazi.

Kwanza ilikuwa kufuli. Mchana mmoja Lornah alitaka kwenda kuanika nguo, akakuta mlango umefungwa kwa nje, ilhali ufunguo ulikuwa mezani. Mama Jentrix ndiye aliyeita watu wakavunja kufuli. Kisha ikaja harufu ya blanketi la mgonjwa, jasho na homa, hata baada ya kila kitu kufuliwa na kuanikwa. Kisha mlio wa kubisha ukaanza, mdogo, chini ya kitanda, halafu ukutani, halafu mlangoni kwa ndani, ukibisha na kupumzika na kubisha tena, kama mkono usio na nguvu lakini usiokubali kuacha, na akina mama wa kanisa walipokuja kuimba, ukafuata wimbo wao mpaka mmoja mmoja wakanyamaza na kutafuta viatu vyao.

"Walter," Lornah alinong'ona, "kuna mtu hapa ndani anataka kutoka."

"Hiyo ni panya."

"Panya haiombi maji."

Akafunga nguo zake, akarudi kwao.

Jioni yake Walter alitoka kazini akakuta mlango haufunguki. Akapiga hodi. Sauti ya Milka ikamjibu kutoka ndani, taratibu, bila hasira: "Ngoja, nakuja sasa hivi."

Akangoja. Asubuhi Mama Jentrix alimkuta amesimama palepale. Akausukuma mlango kwa kidole, ukafunguka.

"Baba, si uingie?"

"Amesema anakuja," Walter akasema.

Hakuingia tena. Lakini kila jioni huja, amevaa koti lake la kazi, akabisha na kumwita Milka. Wanaokaa humo sasa ni akina Waliaula, watu wema. Wangependa kumjibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Ila kabla hawajafungua mdomo, kuna anayemjibu kutoka chumba cha kulala.